Kabla Hujalipia Studio Dodoma

Wasomaji mnaniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Kuna studio inauzwa Kisasa, ninunue?" Mwingine anataja Area D, mwingine Kilimani, Ilazo, Medeli au Iyumbu. Anayeuliza mara nyingi ni mtumishi aliyehamia na wizara yake huku familia ikibaki Dar es Salaam, au mzazi mwenye watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, au Mtanzania aliye Muscat au London anayetaka akiba yake ikae kwenye kitu kinachoshikika. Hamu hiyo naielewa. Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, maghorofa yameota mahali palipokuwa na miiba, na kila anayeyatazama anaogopa kuachwa nyuma.

Makala haya ni ya anayetaka kulala kwenye studio yake na ya anayetaka kuipangisha pia. Wote mnaanzia mahali pamoja, nako ni kwenye hati. Vigae, kabati za jikoni na mandhari ya Mlima wa Simba vinaweza kusubiri wiki moja.

Jengo moja lina hati ngapi?

Kumiliki chumba kilichoko ghorofa ya tatu hakufanani na kumiliki nyumba iliyosimama peke yake kwenye kiwanja. Sheria inayohusika ni Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo, mwenye jengo huandaa ramani inayoonyesha kila sehemu, ramani ikasajiliwa, kisha kila sehemu ikapata hati yake. Mwenye studio anamiliki studio yake. Ngazi, paa, maegesho na uzio anavimiliki pamoja na wenzake.

Utaonyeshwa majengo ambayo hayajapita njia hiyo. Kiwanja kina hati moja, jina ni la mwenye jengo peke yake, na vyumba kumi na viwili vinauzwa kwa mikataba tu. Ukinunua hapo, Msajili wa Hati hakujui. Mwenye jengo akifariki, warithi watafungua hati ya baba yao wasione jina lako popote. Akiwa ameliweka jengo rehani benki na akashindwa kulipa, kitakachopigwa mnada ni jengo zima, na chumba chako kimo. Siku ukitaka kukopa au kuuza, hutakuwa na karatasi ya kupeleka.

Ukiibua suala hili utajibiwa hivi:

- *"Hati za vyumba zinashughulikiwa."* Inawezekana kabisa ni kweli. Basi malipo nayo yasubiri. Sehemu ndogo ya bei ikae kwa wakili, salio lilipwe siku hati yenye jina lako itakapotoka, na tarehe ya mwisho iandikwe. Muuzaji akikataa masharti hayo, haamini ahadi yake mwenyewe, na wewe usiiamini.
- *"Mkataba una muhuri wa mwenyekiti wa mtaa."* Mwenyekiti anaweza kushuhudia kwamba anawafahamu. Umiliki wa ardhi iliyopimwa haumo mikononi mwake.
- *"Wenzako wameshanunua na wanaishi humo."* Waombe kwa upole wakuonyeshe hati zao. Kama hakuna hata mmoja aliye nayo, wote wamo kwenye shimo moja.

Mashirika kama Shirika la Nyumba la Taifa, lililojenga Medeli na Iyumbu, na Watumishi Housing, lililojenga Njedengwa, huuza kwa mikataba rasmi na yana ofisi za kwenda kuuliza. Hata hivyo, na huko omba wakujibu kwa maandishi hati ya sehemu yako itatoka lini.

Kukagua hati, hatua kwa hatua

1. Pata nakala ya hati na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji. Majina yalingane herufi kwa herufi. "Juma" kwenye hati na "Jumaa" kwenye kitambulisho yanatosha kukwamisha uhamisho kwa miezi.
2. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, Ofisi ya Ardhi ya Mkoa. Ada ni ndogo na hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Majibu yatakuonyesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani, na kama kuna zuio la mahakama au la mtu mwingine. Peleka ombi mwenyewe au mtume wakili wako. Majibu yaliyoletwa na dalali ndani ya bahasha hayahesabiki.
3. Nenda Halmashauri ya Jiji. Uliza kiwanja ni cha matumizi gani na kibali cha ujenzi kilitolewa kwa ghorofa ngapi. Kisha simama nje ya jengo, uhesabu ghorofa zilizopo.
4. Taka stakabadhi za kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu.
5. Muulizie mke au mume wa muuzaji, na uonane naye ana kwa ana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na watu wamefikishana mahakamani kwa sababu hiyo. Kama mmiliki ni marehemu, anayeuza awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kikao cha ukoo hakitoshi.

Kosa ninaloliona sana ni watu kufanya upekuzi mara moja, mwanzoni, kisha kulipa miezi mitatu baadaye. Rehani inaweza kuandikishwa katikati. Rudia upekuzi wiki unayolipa.

Miaka iliyobaki kwenye hati

Hili ni la Dodoma hasa, na wageni kutoka Dar es Salaam hulipita bila kulijua. Kuanzia mwaka 1973 ardhi ya mji huu ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa ikitoa umiliki wa miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri, na wananchi wakafunguliwa njia ya kupata hati za miaka 99.

Si kila mtu alikwenda kubadilisha. Jengo linaweza kuwa jipya kabisa, rangi bado inanuka, huku limesimama juu ya karatasi za zamani. Umiliki wa miaka 33 ulioanza mwaka 1995 unaisha mwaka 2028. Hati ya studio haiwezi kuishi muda mrefu kuliko hati ya kiwanja kilichoibeba, kwa hiyo soma tarehe ya kuanza, soma idadi ya miaka, ujumlishe mwenyewe.

Waulize pia majirani wa viwanja vya pembeni kama kuna mtu aliyewahi kuja kudai eneo hilo. Migogoro ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili imelisumbua jiji hili kwa miaka mingi, na jirani mwenye duka pembeni huwa anajua mengi ambayo jalada halisemi.

Maji

Hati ikiwa safi, sasa fungua bomba.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 600, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mamlaka ya maji ya jiji, DUWASA, kwa sehemu kubwa inategemea visima vya Mzakwe, kaskazini mwa mji, na mji umekua kwa kasi ambayo visima haviwezi kuifuata. Mgao ni jambo la kawaida hata kwenye mitaa ya wenye nazo. Kwenye ghorofa mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu maji yanaweza kufika getini na yasipande hadi kwako.

Dalali atapenda kukupeleka saa nne asubuhi, jengo likiwa tupu. Nenda saa moja jioni, watu wamerudi kazini, kila mtu anaoga na kupika. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, vuta maji ya choo, kisha usikilize: unasikia pampu ikinguruma chini, au bomba likikohoa hewa? Baada ya hapo panda juu ya paa ukaone matangi. Tangi la lita 5,000 kwa vyumba kumi na viwili ni kama lita 400 kwa kila chumba. Mtu mmoja mwangalifu atavuka nazo siku nne. Wawili wanaofua nguo humo humo hawafiki siku ya tatu.

Chunguza na bomba la mvua bafuni. Kama matundu yake yameziba kwa ukoko mweupe, mgumu, unaokwaruzika kwa ukucha, jengo linatumia maji ya kisima yenye chumvi nyingi. Ukoko huo huo umo ndani ya hita na utakuwamo ndani ya mashine yako ya kufulia. Maji ya kunywa na ya chai utayanunua kila wiki, na gharama hiyo uiingize kwenye hesabu zako kuanzia sasa.

Maswali ya kumuuliza mlinzi, ambaye hana sababu ya kukuficha:

- Maji ya DUWASA huja siku zipi?
- Mara ya mwisho boza liliitwa lini, na nani alilipia?
- Umeme ukikatika, pampu inaendeshwa na nini?

Jua, vumbi na nyufa

Studio nyingi zina dirisha upande mmoja tu. Likitazama magharibi, chumba kitapigwa na jua kuanzia saa nane mchana hadi linapozama, na kitanda chako kimo humo humo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku hupoa, na Juni na Julai utahitaji blanketi. Kwa hiyo chumba kinachopitisha hewa hakihitaji kiyoyozi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mimi ningechagua dirisha la mashariki hata kama upepo wa kiangazi utaniletea vumbi la kufuta kila siku.

Nyufa zitazame kwa makini kuliko rangi. Dodoma iko jirani na Bonde la Ufa na ardhi hutetemeka mara kwa mara. Zaidi ya hapo, baadhi ya maeneo yana udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Ufa mwembamba wa lipu, kama unywele, si wa kutisha. Ule unaotoka kwenye kona ya dirisha kwenda mshazari, ukaonekana ndani na nje mahali pale pale, huo mwite mhandisi aliyesajiliwa auone kabla hujalipa hata shilingi. Mwombe pia atazame nguzo za chini na mahali paa linapomwagia maji.

Kabla ya kutoka, tafuta njia ya pili ya kushukia moto ukitokea, na uulize Zimamoto walikagua lini.

Bei uliyotajiwa na bei utakayolipa

Andika haya kando ya bei:

- Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, pamoja na ada za usajili wa uhamisho.
- Mthamini aliyesajiliwa. Taarifa yake hupelekwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa.
- Wakili wako. Wakili anayewatumikia wewe na muuzaji kwa pamoja hawezi kukulinda, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.
- Dalali. Kubalianeni nani anamlipa na kiasi gani kabla hajakuonyesha mlango.
- VAT ya asilimia 18, inayoweza kuhusika kwenye nyumba mpya inayouzwa na mwendelezaji aliyesajiliwa. Mkataba useme wazi kama bei imeijumuisha.

Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, ni mzigo wa muuzaji. Lakini uhamisho haukamiliki bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato, TRA, na wauzaji wengine hufika hatua hiyo wakadai hawana pesa. Mkataba useme italipwa na nani na itatoka kwenye fungu gani la malipo.

Kisha kuna mchango wa kila mwezi: mlinzi, usafi, taa za ngazi, pampu, lifti, jenereta. Usiridhike na kiasi kutajwa mdomoni. Omba hesabu za mwaka uliopita za umoja wa wamiliki, uone nani hajalipa. Lifti iliyokufa kwa sababu nusu ya wenye vyumba hawachangii itakufanya upande ngazi na ndoo. Hakikisha pia chumba kina mita yake ya umeme ya LUKU, yenye namba yake, kwa sababu kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021 na mita ya pamoja huzaa ugomvi usiokwisha.

Ukinunua kwa mkopo

Mabenki yetu hutoza riba ya tarakimu mbili kwa mikopo ya nyumba, kwa hiyo piga hesabu hadi mwisho. Tuseme unakopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15. Utalipa takriban 840,000 kila mwezi, na hadi kumaliza utakuwa umetoa karibu milioni 151. Usiulize tu kama mshahara unaweza kubeba. Uliza utabebaje mwaka mtoto atakapoingia chuo. Na jambo moja la heri: benki haitakukopesha kwa chumba kisicho na hati, kwa hiyo ikikukatalia kwa sababu hiyo, imekusaidia.

Ukinunua ili upangishe

Dalali atakutajia Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, wageni wanapojaa na vyumba kupanda bei. Ni kweli, lakini ni miezi mitatu. Na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu mwenye kikao cha siku moja anaweza kuja na kurudi Dar es Salaam bila kulala.

Chukua mfano wa studio ya milioni 75 inayopangishwa kwa 400,000 kwa mwezi. Acha mwezi mmoja mtupu, unabaki na 4,400,000. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 10, inabaki 3,960,000. Ondoa mchango wa jengo, tuseme 60,000 kila mwezi, inabaki 3,240,000. Hiyo ni asilimia 4.3 ya pesa uliyoweka, kabla ya kupaka rangi na kubadilisha hita. Weka takwimu zako halisi mahali pa hizi, kisha uulize benki hatifungani za Serikali za muda mrefu zinalipa kiasi gani. Ukinunua baada ya hapo, utakuwa umechagua ukijua.

Mahali ni muhimu kuliko umaridadi. Mpangaji anayefanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali ulioko takriban kilomita 17 kutoka mjini, atafurahia Kisasa, Njedengwa au Nzuguni zilizoko upande wa barabara ya Dar es Salaam. Wa Bunge na ofisi za mjini atataka Area D au Kilimani. Wa UDOM ataelekea Iyumbu.

"Si bora nijenge?"

Kwa wengi wenu, ndiyo. Dodoma bado ina viwanja vilivyopimwa, na mwenye familia ya watu watano atajuta ndani ya chumba kimoja hata kiwe kizuri namna gani. Kama unaishi Dodoma, una muda wa kumsimamia fundi, na huna haraka, tafuta kiwanja chenye hati.

Studio inamfaa mtu mmoja au wawili, mwenye kazi ya uhakika hapa kwa miaka kadhaa, asiyeweza kukaa saiti kila Jumamosi, na aliyeona hati ya sehemu ya jengo kwa macho yake. Sharti moja likikosekana, panga kwanza. Kupanga mwaka mmoja katika jengo hilo hilo kutakufundisha maji, majirani na mlinzi kwa gharama ndogo.

Kwa walio nje ya nchi

Kama umechukua uraia wa nchi nyingine, onana na wakili kabla ya kutuma pesa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea asiye raia masharti ya kumiliki ardhi, na kununua kwa jina la kaka au shemeji kunamfanya yeye ndiye mwenye mali. Kama ungali raia na unamtuma ndugu, hati ya uwakilishi itaje jengo hilo na kazi hiyo tu, na pesa iende kwenye akaunti ya wakili. Undugu utadumu vizuri zaidi usipopewa mtihani wa milioni 75.

Kulipa na kukabidhiwa

Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Taslimu hapana, simu hapana, akaunti ya "mdogo wake" hapana. Fungu kubwa liende baada ya nyaraka za uhamisho kusainiwa mbele ya wakili, na la mwisho baada ya usajili.

Siku ya funguo, fika mchana umeme ukiwapo:

- Piga picha ya mita ya LUKU na ya maji, namba zisomeke.
- Jaribu kila soketi, kila bomba, hita na mfereji wa sakafu ya bafuni.
- Pata barua ya DUWASA inayoonyesha hakuna deni, kisha badilisha jina la mteja.
- Jiandikishe kwenye umoja wa wamiliki na uchukue stakabadhi ya mchango wa kwanza.
- Badilisha kitasa siku hiyo hiyo. Fundi, dalali na mpangaji wa zamani wote wana funguo.
- Hati ikitoka, ikae benki au mahali salama, na nakala yake iliyothibitishwa apewe mtu wa pili katika familia anayejua ni ya nini.